Neti zimeharibika, au sisi tunahesabu vibaya? (Sehemu ya 6)



Sehemu iliyopita nilieleza habari za Hati Punguzo, ile karatasi iliyoanza kutolewa kliniki mwaka 2004 ili mjamzito apate neti kwa kuongeza hela kidogo tu dukani. Maswali yalikuwa mengi, ila moja lilirudi mara nyingi kuliko yote: "Nesi, neti za zamani zilikuwa neti. Hizi za siku hizi unafua mara mbili tu imechanika. Hivi kiwandani wanatuibia?"

Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Maana kabla ya kusema neti zimekuwa mbovu, lazima ujue unahesabuje ubovu wenyewe. Hilo nililijifunza kwa aibu, nitawaambia jinsi ilivyokuwa.

Kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, tulikuwa tunamuuliza kila mama wa kliniki: neti yako ikoje, ina matundu au haina? Mwisho wa mwezi tunahesabu neti mbovu, tunaweka alama kwenye karatasi ya manila ukutani, tunaunganisha kwa kalamu nyekundu. Miezi miwili mstari ukapanda. Mwezi wa tatu ukashuka sana. Tukafurahi jamani! Mwenzangu akaandika chini yake kwa maandishi makubwa, HALI NZURI.

Wiki hiyohiyo nilimsindikiza hospitali mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali, mwili unawaka, macho yamegeuka. Njiani nikamuuliza mama yake kuhusu neti. Akasema, "Imechanika tangu Krismasi, nesi. Sijaja kliniki, tupo kwenye kupandikiza."

Nikanyamaza. Kumbe mstari ulishuka kwa sababu akina mama walikuwa kwenye majaruba, miguu ndani ya tope tangu asubuhi. Waliokuja kliniki walikuwa wachache, basi na neti mbovu tulizohesabu zikawa chache. Huyu mama hakuwemo kwenye hesabu yetu kabisa. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, lakini yale maandishi ya ukutani niliyabandua mwenyewe.

Kosa letu lina jina, na lina historia ya miaka mia moja.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1920, nje kidogo ya jiji la Chicago kule Marekani, kulikuwa na kiwanda kikubwa kinaitwa Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric. Kilitengeneza simu na vifaa vyake, kikiwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wanawake wakiwa wengi kwenye meza za kuunganisha vifaa vidogo. Utaratibu wao wa ubora ulikuwa rahisi: tengeneza kwanza, mwishoni mkaguzi apite, kibovu atupe. Siku vibovu vikiongezeka, msimamizi anakimbia kurekebisha mashine. Kesho vikipungua, anajisifu. Keshokutwa vikiongezeka tena, anagombeza watu.

Alikuwepo pale mwanafizikia, Walter Shewhart, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1918. Yeye aliliona jambo ambalo kila mpika uji analijua. Unga ule ule, sufuria ile ile, mkono ule ule, lakini uji wa leo si sawasawa na wa jana. Leo mzito kidogo, kesho mwepesi kidogo. Huendi kumgombeza mwenye duka kwa hilo. Ila siku uji ukitoa harufu ya mafuta ya taa, hapo unasimama na kuuliza kuna nini. Kuna tofauti ya kawaida, inayotokana na mambo madogo madogo mengi yasiyohesabika, na kuna tofauti yenye sababu yake maalumu, ambayo ukiitafuta utaipata. Msimamizi wa Hawthorne alikuwa anazichanganya hizo mbili. Kila akikimbiza ile ya kawaida kwa kugusagusa mashine, anazidi kuharibu.

Tarehe 16 Mei 1924 Shewhart alimpelekea bosi wake barua fupi, haijazi hata ukurasa mmoja, na sehemu yake ni mchoro. Kwenye mchoro ule kuna alama za mwezi baada ya mwezi na mistari ya mipaka. Alama zikicheza ndani ya mipaka, acha mashine, ndivyo ilivyo. Alama ikitoka nje, simama utafute. Leo tunauita chati ya udhibiti. Mwaka 1931 aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Mama, usiseme hesabu si zako. Chati ya namna hiyo umeishika mkononi tangu siku ya kwanza ya kliniki. Ile kadi ya mtoto yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, nesi anaweka nukta kila mwezi. Ukiona nukta moja imeshuka kidogo baada ya mtoto kuharisha, hatukuiti mzembe, tunatazama mwelekeo. Ila zipo tofauti. Mipaka ya kadi ya mtoto imetokana na uzito wa watoto wengi wengine. Mipaka ya chati ya Shewhart inatokana na historia ya kitu chenyewe: kiwanda kinapimwa na miezi yake kilichopitia, hakilinganishwi na jirani.

Sasa mipaka inachorwaje, na kwa nini chati ziko aina nyingi? Hapa ndipo mimi nilipoangukia, kwa hiyo nivumilieni kidogo, nitatumia namba rahisi za mfano.

Aina ya kwanza, na ndiyo ile ya barua ya 1924, inauliza swali la ndiyo au hapana. Neti hii ni mbovu? Ndiyo. Hii? Hapana. Kisha unatafuta sehemu: mbovu ngapi katika ngapi ulizokagua. Tuseme kwa kawaida neti 10 katika kila 100 huwa mbovu. Hesabu ya Shewhart itakupa mipaka kati ya 1 na 19. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwezi huu mbovu 6, ujao 15, na hakuna kilichobadilika! Ni ule uji tu. Ikifika 20, hapo sasa tafuta mchawi.

Lakini ukikagua neti 25 badala ya 100, mipaka inatanuka, kutoka sifuri hadi asilimia 28. Wachache wanayumba zaidi. Ndiyo maana chati hii haikubali kupewa idadi ya mbovu peke yake, inataka ujue na idadi ya waliokuja. Sisi tulichora mbovu tu, kama vile kila mwezi wanakuja akina mama walewale. Tungegawanya kwa idadi ya waliohudhuria, mwezi wa HALI NZURI ungeonekana kama miezi iliyotangulia, au mbaya zaidi.

Aina ya pili haiulizi ndiyo au hapana. Inahesabu kasoro zenyewe, maana neti moja inaweza kuwa na tundu moja na nyingine kumi. Ukizitupa zote kwenye kapu moja la "mbovu" umepoteza habari. Hapa hesabu ni nyepesi zaidi. Tuseme kwa kawaida unakuta matundu 4 kwa neti. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, mara 3 ni 6, jumlisha na 4 unapata 10. Neti ikizidi matundu 10, uliza. Ya chini inaangukia chini ya sifuri, basi unaacha sifuri. Ila chati hii ina sharti lake: kila unachokagua kiwe na ukubwa uleule. Neti ya nne kwa sita na ya sita kwa sita hazilingani, kubwa ina kitambaa kingi cha kutoboka. Zikichanganyika, unahesabu matundu kwa kila mita ya mraba ya kitambaa, na hiyo ni chati ya tatu.

Bado. Kuna matundu na matundu. Kipo kitundu cha cheche ya moto wa jikoni, na lipo tundu ambalo mtoto wako anapitisha kichwa na kukuchungulia. Mwenzake Shewhart, anaitwa Harold Dodge, aliliwaza hilo mapema. Mwaka 1928 aliandika juu ya kuzipa kasoro uzito: kasoro kubwa sana alama 100, inayofuata 50, ndogo 10, ya kupuuza 1. Unajumlisha alama, ndizo unazozichora kwenye chati. Hiyo ya Dodge ishikeni, tutaikuta tena ndani ya chumba chako cha kulala.

Habari hizi zilifikaje kwetu? Zilizunguka. Baada ya vita kuu ya pili Japani ilikuwa magofu na bidhaa zake zilichekwa. Mwaka 1950 umoja wa wanasayansi na wahandisi wa Japani ulimwalika Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, aliyejifunza kwa Shewhart mwenyewe, awafundishe chati hizi. Wajapani wakazishika kwa mikono miwili, kuliko hata Wamarekani wenyewe. Mwaka 1951 wakaanzisha tuzo ya ubora kwa jina lake.

Kampuni moja ya Kijapani, Sumitomo Chemical, ndiyo iliyokuja kutengeneza neti ya Olyset, ambayo dawa haipakwi juu, imechanganywa ndani ya uzi wa plastiki, ikitoka polepole. Wazee wa zamani mnakumbuka zile pakiti za kuchovya neti kwenye beseni. Watu wengi walichovya mara moja, wakasahau. Neti ya kuchovya ilitegemea kumbukumbu ya mama mwenye watoto wanne na shamba. Hii mpya ilihamisha kazi kutoka kwenye beseni la mama kwenda kwenye mashine ya kiwanda. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2001, na mwaka 2003 ikaanza kutengenezwa hapa jirani Arusha, kwenye kiwanda cha A to Z, Wajapani wakiwa wametoa ujuzi bila kudai malipo yake. Maelfu ya Watanzania wakapata ajira pale, wengi wao wanawake.

Ona hilo lina maana gani. Zamani dawa ikipungua, kosa la mama. Sasa dawa ikipungua, au uzi ukiwa dhaifu, kosa linaweza kuwa la mashine iliyoyumba usiku wa Jumanne, na neti maelfu zimeshapakiwa kwenye lori. Mama wa Mabogini hawezi kuiona dawa kwa macho. Anayeweza kumlinda ni yule anayechukua sampuli, kupima, kuweka nukta, na kujua nukta ipi ni ya uji wa kila siku na ipi inanuka mafuta ya taa. Shirika letu la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kazi yake ni ya namna hiyo hiyo.

Wajapani hao hao, tena, ndio waliotuletea skimu. Mnaoishi huku hamhitaji kuelezwa, ila wasomaji wangu wa Dar na Mwanza wasikilize. Mabogini iko kusini ya mji wa Moshi, njia ya kwenda TPC kwenye miwa. Mwaka 1987, kwa msaada wa Japani, ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi: mifereji ya saruji, majaruba, mpunga badala ya mahindi ya kubahatisha mvua. Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni, Oria, vyote vikawa kijani. Na maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Wachaga wa zamani waliogopa kulala huku tambarare kwa sababu ya homa, wakapanda kukaa mlimani kwenye baridi. Sasa sisi tukayaleta maji hadi mlangoni.

Kila mtu alitegemea malaria ilipuke. Watafiti wakaja kuhesabu, akiwemo Jasper Ijumba. Na kweli, mbu kwenye vijiji vya mpunga walikuwa wengi kupita kiasi kuliko vijiji vya mahindi. Lakini maambukizi ya malaria yalikuwa kidogo zaidi! Ijumba na mwenzake Steve Lindsay waliandika juu ya kitendawili hicho mwaka 2001. Sehemu ya jibu ni kwamba mpunga ulileta pesa, na pesa ilileta neti, nyumba bora na matibabu. Kumbe kuhesabu mbu peke yake kungewadanganya, sawasawa na karatasi yetu ya manila. Nikilisoma lile andiko lao huwa najisikia nafuu kidogo.

Haya, turudi kwenye lile swali la kuibiwa.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilieleza jinsi ya kupima neti iliyokwisha kutumika, na ukitazama vizuri ni wazo lilelile la Dodge. Kila tundu linapewa alama kwa ukubwa wake, na kipimo chake ni mwili wako mwenyewe, huhitaji rula. Tundu dogo kuliko la kupita kidole gumba, alama 1. Linalopita gumba lakini ngumi haipiti, alama 23. Linalopita ngumi lakini kichwa hakipiti, alama 196. Linalopita kichwa, alama 576. Jumlisha. Hadi 64, neti ni nzima. Kuanzia 65 hadi 642 imeharibika lakini bado inasaidia, izibe. Kuanzia 643, hiyo imechoka, haikulindi tena.

Fanya hesabu uone maajabu yake. Mama A ana neti yenye vitundu 20 vya cheche, ananiambia ni chujio la nazi, anataka kuitupa. Alama zake ni 20, nzima kabisa! Mama B ana matundu manne tu, "si mabaya sana nesi", moja linapita kichwa na matatu yanapita gumba. Hayo ni 576 na 69, jumla 645. Neti ya Mama B imekwisha. Ukihesabu matundu tu, unamnyang'anya neti mama mwenye neti nzuri na kumsifia asiye na kinga.

Na hizo neti zinadumu kweli miaka 3 kama tunavyoambiwa? Kwa kipimo hicho, watafiti wakiongozwa na wa Taasisi ya Afya Ifakara walifuatilia aina 3 za neti katika wilaya 8 za nchi yetu. Majibu yalitoka mwaka 2020: nusu ya neti zilikuwa zimeacha kufaa kati ya miaka 2 na miaka 2 na nusu hivi, kutegemea aina. Kwa hiyo wewe uliyelalamika kwamba zinachoka mapema hukuwa mwongo, na haukuwa uchafu wako wala ufuaji wako, kama wengine tulivyowahi kukuambia kliniki kwa sauti ya juu. Samahani kwa hilo. Lakini pia haithibitishi kwamba kiwanda kimeanza kutuibia mwaka huu. Ili kusema hivyo unahitaji nukta nyingi, za neti za umri mmoja, zilizokaguliwa kwa idadi inayojulikana, halafu moja itoke nje ya mpaka. Neti yako na ya jirani ni nukta mbili. Neti yako ya mwaka jana na ya mama yako ya mwaka 2011 si chati moja hata kidogo, vitambaa tofauti, vitanda tofauti, idadi ya watoto wanaorukaruka juu yake tofauti.

Pale kituoni tulianza upya. Safu ya kwanza ya daftari, akina mama waliokuja. Ya pili, waliokuwa na neti. Ya tatu, zilizofika 643. Kwenye manila tunachora sehemu, siyo idadi, na mwezi wa kupandikiza tunaandika pembeni kwa penseli: "wachache, mipaka mipana". Pia tulikubaliana mwezi wa namna hiyo mmoja wetu atembee kwenye mifereji jioni wanapotoka shambani, awaulize hukohuko. Mara ya kwanza nilienda mimi. Nilikutana na yule mama, mtoto yuko mgongoni anakula ndizi, mnene. Nikamuuliza kuhusu neti mpya, akacheka, akakunja ngumi na kuiinua juu nione. "Haipiti, nesi. Gumba linapita, sehemu mbili. Leo jioni nashona."

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu mbu wetu wa Lower Moshi wanaoanza kuizoea dawa. Mwenye swali aulize hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.